Waya wa Kuanikia Nguo

Wewe uliyefungua daftari hili, sikujui, lakini nakusihi: funga mlango kwanza. Usisome kwa sauti. Usimwambie hata mtu unayemwamini, maana yeye naye ana mtu anayemwamini, na huyo ana wake, na mwisho wa mnyororo huo ni kituo cha polisi. Nikiandika Kiingereza, meneja wa shamba atasoma. Nikiandika Kijaluo nitakuwa namwandikia mama yangu, na sitaki ajue. Kwa hiyo nakuandikia wewe, kwa Kiswahili.

2 Oktoba 1955, Jumapili

Nimerudi kutoka kanisani peke yangu, kama nilivyokwenda. Mimi ni Absalom Ajwang, karani wa shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika. Kiti ninachokalia ofisini kilikuwa cha karani Mkikuyu aliyechukuliwa na lori la askari mwaka jana. Doa la wino wake liko bado mezani. Wachumaji wakiniona njiani hunyamaza hadi nipite. Siwalaumu. Hata mimi ningemnyamazia mtu aliyekalia kiti hicho.

Jioni tunatakiwa kuwa ndani kabla ya giza. Basi nakaa ndani. Nasikia watu wa nyumba za jirani wakicheka kwa Kikamba, na sijui wanacheka nini.

Leo nimeamua kujenga redio.

5 Oktoba, Jumatano

Nilitumwa Thika na hati za magunia, nikapata nafasi ya kuingia kwa fundi mmoja Mhindi anayetengeneza redio nyuma ya duka la nguo. Nilimwomba valvu iliyotumika, ile taa ndogo ya kioo inayokuza sauti ndani ya redio.

"Ya nini, bwana mdogo?"

"Ya kujifunza tu."

"Kujifunza hapana. Wewe nataka sikiliza Nairobi bila kununua redio." Akacheka mpaka kilemba kikatikisika, lakini akanieleza vizuri. Redio ya namna hii ina valvu moja tu. Sauti dhaifu ikishakuzwa mara moja, inarudishwa nyuma kwa waya mdogo uliozungushwa kando ya ule mkubwa, inakuzwa tena, na tena, hata mnong'ono unakuwa maneno. "Lakini rudisha kidogo-kidogo. Ukizidisha, nalia kama mluzi, na jirani yenye redio nakuja kukutukana."

Nilicheka naye. Kwetu hakuna jirani mwenye redio. Tangazo limebandikwa kwenye mlango wa stoo: mfanyakazi yeyote atakayekutwa na redio bila kibali atakabidhiwa kwa polisi. Nililipiga chapa mimi mwenyewe.

Aliniuzia pia betri na visikizi vya kuvaa masikioni. Vina vipande viwili. Nimevivaa vyote viwili kitandani, bila redio, kusikia tu jinsi kimya kinavyokuwa humo.

7 Oktoba

Mvua ya kwanza. Barabara ya kiwandani imekuwa uji.

9 Oktoba, Jumapili

Jirani yangu wa ukuta mmoja ni Mulei, Mkamba anayekata matawi ya miti ya kivuli. Jumapili huchonga viti vya miguu mitatu na kuvipamba kwa waya wa shaba, akiugongea ndani ya mbao hadi ung'ae kama maandishi. Nilimwomba kipande cha mti kilichotobolewa katikati, nizungushie waya wangu.

"Ni dawa?" akauliza.

"Ni kitu cha shule."

Akanipa. Nami nikampa waya wa shaba uliobaki, akafurahi kama aliyepewa mbuzi. Kisha nilifunga waya mwingine, wa chuma, kutoka dirishani kwangu hadi kwenye mubariti, mti wa kivuli ulio nyuma ya nyumba. Ndio wa kunasa mawimbi. Kila anayeuona atadhani ni wa kuanikia nguo.

12 Oktoba

Hakuna kitu. Nimegeuza ncha za ule waya mdogo.

13 Oktoba, Alhamisi

Imesema!

Nilizungusha kifundo cha kurudishia sauti taratibu. Kwanza kulikuwa na mvumo kama wa mto ulio mbali, kisha ukafika ukingo fulani, na mvumo ukafunguka, na mtu akasema kwa Kiswahili, sikioni mwangu kabisa, kwamba bei ya mahindi haijabadilika. Machozi yalinitoka kwa bei ya mahindi. Nikizungusha zaidi kidogo inalia mluzi mkali. Nikirudi nyuma inanyamaza. Sauti inaishi pale ukingoni tu. Inabidi mtu asipumue sana.

16 Oktoba, Jumapili

Wimbo wa nyatiti, zeze la kwetu, kutoka Nairobi, kisha ukakatika katikati. Nilitoka nje kuangalia. Mke wa Mulei, Kalondu, ameanika nguo zake kwenye waya wangu! Mashati mabichi, kanga, blauzi za mtoto wao Mwongeli. Maji yanaufanya waya uwe mzito kwa mawimbi na stesheni inahama.

"Mama Mwongeli," nikamwambia kwa adabu, "huo waya ni wangu."

"Aiya! Na karani ana nguo ngapi? Shati mbili na tai moja. Hii waya yote ni ya tai?"

Wanawake waliokuwa bombani walicheka sana. Niliingia ndani.

18 Oktoba

Ameanika tena.

20 Oktoba

Ameanika tena, na mawingu yametanda kote. Sasa naamini anafanya makusudi. Labda ametumwa anichunguze. Nzomo, nyapara wetu, ni wa kwao, na nilimwona akipita barabarani muda uleule.

27 Oktoba

Kahawa inaiva kwa fujo. Tunafanya kazi hadi mikono ya wachumaji inakuwa myekundu. Jioni, waya ukiwa mtupu, nasikiliza habari za London saa moja. Kiingereza chao ni kile cha mwalimu wangu mkuu. Napenda kumsikia mtu akisema bila kunyamaza kwa sababu nimepita.

1 Novemba, Jumanne

Nimefunga mlango kabla ya kuandika.

Leo meneja aliingia ofisini na Nzomo. Alisema kwamba kwa majuma mawili sasa, jioni akifungua redio yake kule kilimani kusikiliza London, kuna mluzi unaingia juu ya sauti, unapanda na kushuka. Haukuwapo zamani. Anaamini kuna mashine ya kupelekea habari kwa watu wa msituni, na iko humu, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Nilikuwa nimeshika kalamu. Niliendelea kuishika.

Jirani yenye redio. Fundi aliniambia, nami nikatazama nyumba za mabati tu, sikutazama kilimani. Redio yangu ikilia haililii masikioni mwangu peke yangu. Inatoka kwa waya uleule inaoingilia, inapanda kwa bwana, inalia sebuleni kwake.

2 Novemba

Nimeificha valvu kwenye soksi. Sijawasha.

5 Novemba, Jumamosi

Askari walikuja alasiri na kupekua. Kalondu aliwaona wakishuka kilima, na walipofika waya wangu ulikuwa umejaa kanga mbichi. Kwangu waliangalia Biblia, sanduku na viatu, wakasema, "Pole, karani." Redio nilikuwa nimeitia ndani ya debe la makaa.

Kwa Mulei walikuta waya wa shaba.

Walimchukua akiwa na nyundo yake ndogo mkononi. Mwongeli alimkimbilia hadi bombani, akarudishwa.

7 Novemba, Jumatatu

Nitaandika yote.

Walimleta Mulei ofisini asubuhi. Inspekta wa polisi ni kijana aliyetoka kwao Uingereza juzi tu, hajui Kiswahili, kwa hiyo meneja alisema, "Ajwang atatafsiri." Nzomo alisimama mlangoni. Ule waya ulikuwa mezani, juu ya doa la wino wa karani wa zamani.

"Mwulize waya huu ni wa nini."

Nikamwuliza. Sauti yangu ilitoka nyembamba kama ya mtoto wa kwaya.

"Ni ya viti," Mulei akasema. "Napamba viti. Hata Nzomo amekalia."

"Mwulize mashine iko wapi."

"Mashine gani? Mimi nakata matawi. Mashine yangu ni panga."

Nzomo alicheka, kisha akakumbuka mahali alipo.

"Mwulize nani alimpa waya."

Hapo niliweka kalamu chini. Inspekta akaniangalia, na meneja akaniangalia. Jibu la swali lile lilikuwa mimi, nimekaa pale na tai yangu. Nikauliza.

Mulei aliniangalia kwa muda. Hakunikasirikia. Alikuwa kama mtu anayepima mti kabla ya kuukata.

"Mwambie niliokota. Kule Ruiru, kando ya reli."

Nikasema kwa Kiingereza kwamba aliokota kando ya reli.

"Mwulize tena."

"Karani, mwambie niliokota," akasema Mulei pole pole, kama anayemfundisha mtoto. "Na wewe andika vizuri."

Niliandika vizuri. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu husema. Meneja ameniagiza nipige chapa maelezo hayo. Ijumaa jioni Inspekta atakuja kula kilimani na kusikiliza habari, na hapo atatia sahihi, na Mulei atapelekwa kambini. Kutoka kambini sijaona mtu aliyerudi msimu huohuo.

8 Novemba

Mvua kutwa.

9 Novemba

Sikula. Mwongeli amekaa kizingitini kwao anachezea vipande vya mbao vya baba yake.

10 Novemba, Alhamisi

Kalondu amekuja mlangoni kwangu alasiri, nilipotoka kazini. Hakubisha.

"Karani. Chai unakunywa peke yako mpaka lini?"

Nilimkaribisha. Sikuwa na kikombe cha pili, nikampa changu. Nilidhani amekuja kunitukana, na nilitaka anitukane.

"Mume wangu amemeza neno yako," akasema. "Usidhani hajui. Na mimi najua. Ukuta ni bati, na wewe ukisikia nyimbo unaimba na pua."

"Mama Mwongeli, mimi nilidhani wewe ndiye..."

"Ulidhani nafua kila siku kwa sababu napenda sabuni? Kila Nzomo akipita hapo barabarani naweka nguo. Waya ya kuanika bila nguo ni waya ya maswali. Wewe msomi mzima unafunga waya kwa mti, halafu hauna hata kitambaa juu!"

Nilifunika uso kwa mikono. Nikamwambia nitakwenda kwa meneja kesho, niseme ni mimi.

"Halafu? Watarudisha yeye?" Aliweka kikombe chini. "Mimi nilikuwa hapa walipochukua karani wa kwanza. Ndugu yake akaenda kusema ukweli. Wakaweka ndugu pia. Hawa wakifungua mlango ni wa kuingia. Fikiria na hiyo shule yako, Absalom. Mimi nimefikiria na nguo, imefika mwisho."

Ni mtu wa kwanza hapa kuniita kwa jina langu.

Nimefikiri. Meneja anasema mluzi ni wa Mulei. Tangu Jumanne ya kwanza ya mwezi haujalia, kwa sababu mimi nimeogopa, na Mulei alipokamatwa ukaendelea kunyamaza. Kwa hiyo kimya changu ndicho kinachomshitaki. Kila jioni ninayokaa salama ni ushahidi juu yake.

11 Novemba, Ijumaa

Kabla ya saa moja nilitoa redio kwenye makaa, nikaipangusa, nikarudisha valvu. Gari la Inspekta lilikuwa limeshapanda kilimani. Taa za nyumba kubwa zinaonekana kutoka dirishani kwangu kati ya miti. Nilimwambia Kalondu jambo moja tu: "Leo ondoa nguo."

Alizitoa zote, akapangusa waya kwa kanga yake toka mwisho hadi mwisho, kama anayepangusa meza ya wageni. Kisha akaketi kizingitini na kinu, akaanza kutwanga.

Nikatafuta London. Kengele za kwao zikalia, msomaji akaanza. Nikajiwazia sebule ile: meneja, Inspekta, karatasi yangu iliyopigwa chapa mezani, Mulei akiwa ndani ya seli ya polisi. Vidole vyangu vilikataa. Naandika kweli: vilikataa. Niliwaza mama yangu, ada aliyolipa kwa samaki wa kukaushwa, nikatoa mkono kwenye kifundo. Nje kinu kilikuwa kikipiga. Hakikuharakisha wala hakikusimama.

Nikazungusha hadi ukingoni, nikavuka.

Mluzi ulinitoboa masikio. Niliupandisha, nikaushusha. Nikaukata kidogo, ili wamsikie msomaji, wadhani umekwisha, kisha nikaurudisha. Nilipiga mluzi kama mtu anayemwita mbwa wa jirani. Nilikaa nao hadi habari zikaisha. Sijawahi kusema neno kubwa hivyo katika maisha yangu, na halikuwa hata neno.

Kisha nikangoja viatu mlangoni. Havikuja.

12 Novemba, Jumamosi

Meneja aliingia na uso mwekundu. "Ametupigia mluzi habari nzima," akasema. "Kwa ufidhuli! Na mtu wetu yuko ndani ya seli." Alinirudishia maelezo ya Mulei. Mahali pa sahihi palikuwa peupe.

Alipofika mlangoni aligeuka. "Litaletwa gari kutoka Nairobi. Lina chombo cha kutafuta mluzi unatoka wapi. Utafuatana nasi kutafsiri."

"Ndiyo, bwana," nikasema.

17 Novemba, Alhamisi

Wamemwachia. Alitembea kutoka barabara kuu. Mkono wa kulia umefungwa kitambaa, na vidole viwili havikunji. Nilikwenda kumlaki, nikasimama mbele yake. Yeye ndiye aliyesema.

"Nilikuwa ndani na polisi mmoja anasema, 'Mluzi umelia tena jana.' Nikacheka. Wakanipiga kwa kucheka." Akacheka tena. "Lete hiyo nyoka yako ya shaba. Kwako si mahali pa kuiweka."

Nilifungua waya wote, ule mkubwa na ule mdogo, nikampa. Valvu, betri na visikizi viko kwa Kalondu, ndani ya unga.

23 Novemba, Jumatano

Gari limekuja. Juu lina duara la chuma linalozunguka, na ndani mzungu mwenye visikizi kama vyangu, vikubwa zaidi. Lilitambaa kati ya nyumba zetu alasiri nzima na mvua. Meneja na mimi tulitembea nyuma chini ya mwavuli mmoja, ambao mimi niliushika.

Lilisimama kwangu, kwa sababu ya waya. Juu yake kulikuwa na blanketi tatu, zinadondosha maji.

Meneja akakunja uso. "Mwulize huyu mama kwa nini anaanika blanketi mvua ikinyesha."

Hata mimi nilitaka kujua. Nikauliza.

Kalondu alijishika kiuno. "Mwambie mtoto amekojolea zote. Nimeacha mvua ifue, mimi nimechoka. Kama haamini, mwambie anuse."

Nilitafsiri neno kwa neno, pamoja na la kunusa. Meneja alirudi hatua nyuma. Yule wa garini alitikisa kichwa, hasikii kitu, na wakaenda. Mwongeli alikuwa mlangoni, amenuna kwa kusingiziwa.

24 Novemba

Kimya.

30 Novemba

Kimya. Mvua inapungua. Jioni nashika kifundo kisichofungwa popote, nakizungusha.

4 Desemba, Jumapili

Kahawa imekwisha upande wa juu. Nilikunywa chai kwa Mulei. Sasa nina vikombe viwili, lakini wao ndio walionialika. Mulei anajifunza kushika nyundo kwa mkono wa kushoto. Anajigonga, Kalondu anamwambia, "Kiti ni huko, baba, si kidole." Nilicheka kwa Kikamba, yaani walipocheka nilijua ni nini. Lakini nikirudi kwangu ukuta ni uleule, na usiku ni mrefu bila sauti ya mtu.

11 Desemba, Jumapili

Leo Mulei ameleta kiti mlangoni kwangu, amekifunika gunia.

"Cha wageni," akasema. "Wewe huna mgeni kwa sababu huna kiti."

Nikafunua. Miguu mitatu, mti mweusi, na juu, pale mtu anapokalia, waya wa shaba umegongewa ndani ya mbao kwa kuzunguka kutoka katikati kwenda nje: duara moja pana, na ndani yake duara dogo peke yake, halijagusana na kubwa. Ndio waya wangu. Mkubwa na mdogo, jinsi nilivyomweleza siku moja akichonga, nikidhani hasikilizi. Mzunguko umepinda hapa na pale, kwa sababu ni kazi ya mkono wa kushoto. Chini ya kiti ncha nne za waya zimetokeza, ndogo kama miba, za kufungia valvu.

Nzomo alipita wakati tumesimama hapo. "Kiti kizuri, karani," akasema. "Hata mimi nakitaka."

"Ngoja nipone mkono," Mulei akamjibu.

Sijakijaribu bado. Huenda mbao itanyonya sauti yote, huenda haitasema kamwe. Ikisema, nitakaa upande huu wa ukingo. Sitavuka tena ila kwa ajili ya mtu.

Sasa wewe. Ukitaka kunifikia, usiandike barua, barua zinafunguliwa. Usitaje jina langu dukani Ruiru. Shika njia ya Mugutha siku ya Jumapili, watu wanapotoka kanisani, ukae mkono wa kushoto hadi ukute bomba na nyumba za mabati. Tazama waya unaotoka dirishani kwenda kwenye mubariti. Ukiona nguo mbichi juu yake, hata kama jua linawaka, pita kama mtu anayekwenda mtoni, uje Jumapili nyingine. Ukikuta waya ni mtupu, bisha kwa mama aliye mlango wa kwanza, umwambie umekuja kuona kiti. Atakutazama sana. Mwache akutazame.

Visikizi vina vipande viwili. Kimoja nimekuwekea.